Siku sita kutoka Unguja hadi Mhonda, nikifuata kanisa dogo la Bagamoyo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Mhonda, kule Turiani chini ya milima ya Nguru. Kila mtu kule akikutana na mtu anamuuliza ukoo gani, na wenzake wote walikuwa na jibu, yeye alikuwa anasema "mi wa Misheni". Basi, hamna zaidi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Misheni ni ukoo kama koo zingine. Alifariki miaka mingi imepita na mwaka huu nikapata likizo ya wiki nzima nikasema ngoja niende, nianzie kule walikoanzia mapadri wenyewe nishuke mpaka kwao bibi, nione iyo Misheni ilitoka wapi na ilianzishwa na kina nani hasa. Niliandika kila usiku kwenye simu, naweka hapa kama nilivyoandika, nimerekebisha kidogo tu.

Siku ya 1, Jumanne, Unguja

Nimefika mchana. Mji Mkongwe jua kali na watu wengi, nikaenda moja kwa moja Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile lenye minara miwili unayoiona ukiwa bado kwenye boti. Lilijengwa miaka ya 1893 hadi 1898 wakati wa Askofu Raoul de Courmont, kwaiyo ukilitazama ni kubwa na zuri kweli lakini sio mwanzo wenyewe. Mwanzo wenyewe ni Desemba 1860, miaka 30 na kitu kabla ya iyo minara, na waliokuja hawakutoka moja kwa moja Ulaya kama tunavyofikiri wengi. Walitoka kisiwa cha Réunion, huku huku Bahari ya Hindi. Padre Armand Fava na mapadri wawili, na masista sita. Wakasali Misa ya Noeli ya mwaka ule hapa Unguja, Sultani Majid ndo alikuwa anatawala, akawaruhusu.

Sasa hapo kwenye masista nikae kidogo maana sijawahi kusikia mtu akilisema hili kanisani. Wale masista walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lilianzishwa Réunion mwaka 1849. Utumwa Réunion ulikomeshwa Desemba 1848. Umeona iyo miaka ilivyofuatana? Shirika lilipoanza liliwapokea wanawake waliotoka tu utumwani, wakavaa vazi moja na wanawake wa Kizungu waliokuwa na mashamba na watumwa nyumbani kwao, wakala meza moja, wakati watu wa kisiwa wengine walikasirika sana na jambo ilo. Kwaiyo mbegu ya kanisa letu la pwani, kabla hata ya mapadri wenye ndevu ndefu tunaowaona kwenye picha, ilikuja na shirika ambalo wanawake waliowahi kuuzwa walikuwa wanaitwa sista sawa na wengine. Mi nimekaa kwenye benchi la nyuma nimelifikiria hili mpaka mama mmoja wa usafi akaniuliza "mwanangu unaumwa?" nikamwambia hapana mama nipo tu.

Walifungua hospitali na karakana, chuma kinafuliwa, vijana wanafundishwa ufundi. Mwaka 1863 kazi wakapewa Mapadri wa Roho Mtakatifu, mkuu wao akawa Padre Antoine Horner, mtu wa Alsace kule Ufaransa, na mwenzake Padre Etienne Baur naye wa uko uko. Watoto walikuwa wanapatikana vipi? Hapa inabidi tuseme ukweli wote. Wengi walinunuliwa. Mapadri walikwenda sokoni na hela zilizochangwa na watu Ulaya wakamnunua mtoto ili wamwachie huru, na wengine baadaye waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa. Wapo wanaosema kununua kuliendeleza soko, na mi siwezi kusema wamekosea. Ila ukimfikiria mtoto mmoja tu amesimama pale, ana miaka saba, nani anamtaka aendelee kusimama.

Mmoja wa waliopitia hapa aliitwa Suema, binti wa Kiyao. Simulizi lake lilichapishwa Ufaransa mwaka 1870. Mama yake alishindwa kulipa deni, mtoto akachukuliwa kwa ajili ya deni ilo, mama akaufuata msafara ili asimwache mwanae, njiani nguvu zikamwisha akaachwa afe. Suema alifika Unguja hali yake mbaya sana wakaona huyu hata kuuzwa hauziki, wakamfunga kwenye jamvi wakamfukia mchangani akiwa hai. Kijana mmoja alisikia sauti usiku, akamfukua akampeleka kwa masista. Alipona. Alafu siku moja kwenye wodi ya masista akaletwa majeruhi wa kumhudumia na alipomtazama akamtambua, ni mmoja wa wale waliomtesa njiani. Anasimulia mwenyewe jinsi moyo ulivyokataa, na jinsi hatimaye alivyomfunga vidonda. Baadaye akaomba kuwa sista.

Nimelala gesti ya Malindi, feni linapiga kelele ila usingizi umekuja.

Siku ya 2, Jumatano, Unguja hadi Bagamoyo

Boti ya asubuhi mpaka Dar, kisha daladala mpaka Makumbusho, nikapanda kosta ya Bagamoyo. Kutoka Unguja kwenda Bagamoyo kwa jahazi moja kwa moja ni kama kilomita 40 tu za maji, sisi tunazunguka Dar kwanza. Bunju pale foleni, konda anaita abiria kana kwamba gari halijajaa na watu tumesimama mpaka mlangoni.

Njiani nikawa nasoma kwa nini walihama. Sababu ni ya kawaida kabisa, nafasi. Mjini Unguja ardhi ni ghali na watoto wanaongezeka, wanahitaji shamba la kulima wale. Horner alikuja kuangalia Bagamoyo 1866, na Machi 1868 misheni ikaanza rasmi. Bagamoyo wakati ule ndo mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, pembe na watu vinashuka hapa vinavushwa Unguja. Kwaiyo walijenga pale pale njia inapoishia. Majumbe wa hapa hawakukubali kirahisi kutoa ardhi ingawa sultani alisharuhusu, na mi naelewa, ardhi yako anaigawa mtu aliyeko ng'ambo ya maji.

Nimefika saa tisa. Kutoka stendi bodaboda mpaka misheni sio mbali. Ukiingia unakutana na njia yenye miembe mikubwa huku na huku, vivuli vinakutana juu, na inakwenda kuelekea baharini. Iyo miembe ni ya tangu enzi zao. Nikatembea mpaka ufukweni, upo msalaba wa kumbukumbu pale walipotua. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu, maji yametoka mbali, watoto wanacheza mpira. Nikavua viatu nikakaa.

Siku ya 3, Alhamisi, Bagamoyo

Leo siku nzima nipo hapa na ndo siku iliyonijaa zaidi.

Saa moja asubuhi Misa kwenye kanisa kubwa, lile lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Baada ya Misa nikaenda kwa mzee mmoja anayetembeza wageni. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina. Karibu mjukuu wangu, umetokea wapi?" Nikamwambia nimetokea Dar ila natafuta habari za bibi yangu wa Mhonda. Akacheka kwa furaha akasema "aa, basi wewe sio mgeni, watu wa Mhonda walitoka hapa hapa", akaniambia twende taratibu maana miguu yake siku hizi hairuhusu haraka.

Akanipeleka kwanza kwenye mbuyu. Mbuyu huu ulipandwa 1868 misheni ilipoanza, na leo watu wengi hawatoshi kuuzunguka. Chini ya gome kimejitokeza kipande kidogo cha mnyororo. Wageni wengi wakiona mnyororo wanadhani ni wa watumwa, wanashika na kulia. Mzee akanieleza kwa upole kwamba inasemekana ni wa punda. Kuna mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa anauguza wagonjwa Unguja, akija hapa alimfunga punda wake kwenye mti huu, kama 1895 ivi, mnyororo ukasahaulika na mti ukaumeza polepole. Nimegusa iyo pingili iliyobaki nje. Ni kama kidole kwa unene, kutu imekuwa nyekundu kama udongo, na gome limeifunika pande zote mbili kama mdomo unaokaribia kufunga.

Kisha mnara. Hiki ndo kilichonileta. Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872 ivi, ni mdogo jamani, nilitegemea kitu kikubwa. Jengo la chini, kuta nene, mawe ya matumbawe na chokaa. Mahali lipu imebanduka unaliona jiwe lenyewe, lina matundu madogo madogo na mistari kama nyota, maana lilikuwa kiumbe hai baharini kabla halijawa ukuta. Nikaweka kiganja. Nikamuuliza mzee, mawe haya yalibebwa na nani? Akanitazama. "Unadhani padri aliyabeba?"

Akanisimulia kazi yenyewe jinsi inavyofanyika, maana yeye kijana aliwahi kuifanya. Maji yakitoka mnakwenda mwambani na mtaimbo mnang'oa jiwe, mnalibeba kichwani likiwa bado linachuruzika chumvi. La kujengea linawekwa pembeni likauke. La chokaa mnapanga magogo kama kichuguu kikubwa, mawe juu, mnawasha, moto unakaa mpaka jiwe linakuwa jeupe na jepesi, alafu mnalimwagia maji linafuka na kupasuka lenyewe mpaka libaki unga. Macho yanawasha, mikono inachubuka. Sasa wafikirie vijana wale ndo waliofanya, na mabruda wakiwaelekeza, wengine hawana hata lugha moja kati yao, Myao, Mnyamwezi, Mmanyema, Mnyasa, wanajifunza Kiswahili huku wanachoma chokaa.

Na mwaka uo uo wa 1872, Aprili, kimbunga kikaja. Kilifyeka mikarafuu ya Unguja na huku kikaangusha majengo ya misheni. Miaka miwili mitatu kabla kulikuwa na kipindupindu kilichoua watu wengi pwani nzima. Kwaiyo walijenga, wakazika, majengo yakaanguka, wakajenga tena. Stanley alipita hapa 1871 akienda kumtafuta Livingstone, akala chakula na mapadri na akapigiwa muziki na bendi ya tarumbeta ya watoto wa misheni, ameandika mwenyewe alivyoshangaa. Nimeipenda sana iyo habari. Watoto waliotolewa kwenye majahazi wanapuliza tarumbeta jioni kando ya bahari.

Mnara unaitwa wa Livingstone. Sababu ni kwamba Februari 1874 mwili wake ulilazwa humu usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Wote tunaijua iyo hadithi shuleni, Chuma na Susi na wenzao walimbeba kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofariki 1 Mei 1873, moyo wakauzika kule chini ya mti, mwili wakaukausha wakatembea nao zaidi ya kilomita 1,500. Jacob Wainwright, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, ndo alisafiri na jeneza mpaka London, na mwezi wa nne wakamzika Westminster. Mi nawaheshimu sana wale wabebaji. Lakini bado nauliza, jengo lilichukua mikono mingi miaka na miaka, na limepewa jina la mtu aliyelala humo usiku mmoja akiwa maiti. Nimemwambia mzee ivyo, akakaa kimya muda alafu akasema, "Hapa wazee wetu walikuwa wanaliita kanisa tu."

Makaburini. Hapa nimekaa muda mrefu kuliko popote. Misalaba imepangwa kwa mistari, majina ya Kifaransa na Kijerumani, ukipiga hesabu ya miaka yao unakuta 24, 27, 31. Homa. Walikuwa wanajua wakipanda meli kule Marseille kwamba wengi hawamalizi miaka kumi, na walipanda. Mtu asiniambie hawa hawakutoa kitu. Horner mwenyewe alirudishwa Ufaransa akiwa mgonjwa akafia uko 1880. Ndani ya makaburi kuna kikanisa kidogo cha Bikira Maria kilichojengwa 1876 na waliokuwa watumwa, kama shukrani yao. Hapo hakuna majina. Mapadri kila mmoja ana msalaba wake na tarehe, wajenzi wana mwaka tu.

Mchana nikaingia makumbusho, ipo kwenye nyumba iliyokuwa ya masista, ya 1876. Pingu zipo, picha zipo. Kwenye picha moja wapo watu wa kijiji cha misheni, ndoa. Mzee alinieleza utaratibu. Kijana na binti wakifika umri wanafunga ndoa, wanapewa nyumba na kipande cha shamba, siku kadhaa za wiki wanafanya kazi ya misheni na zilizobaki za kwao. Sheria zilikuwa kali, kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya shamba, na wapo waliotoroka kwa sababu mtu aliyetoka utumwani hakutaka tena kupangiwa saa. Na wapo waliobaki kwa moyo wote. Mzee anasema wote ni wa kwetu, waliobaki na walioondoka.

Kuna mtu mwingine wa hapa ambaye kila anayeandika Kiswahili anadaiwa naye, Padre Charles Sacleux. Alikuja 1879, akakaa kama miaka 20 pwani hii, anaandika maneno, sio ya Kiunguja tu bali Kimvita, Kiamu, Kingazija, mpaka majina ya majani na samaki. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka 1891 na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris 1939. Nawaza alikuwa anawauliza nani. Lazima aliwauliza hawa hawa, wavuvi, wapishi, watoto wa misheni, kila mmoja na neno la kwao.

Jioni mzee akanimalizia na vita vya Abushiri. 1888 na 1889 pwani yote inawaka, Wajerumani wanapiga mizinga kutoka melini, na maelfu ya watu wa mji wakakimbilia viwanja vya misheni, Waislamu, Wakristo, wote. Abushiri hakuigusa. Tena Pugu walipovamiwa Wabenediktini, wamisionari wa Kijerumani, Januari 1889 na wengine wakatekwa, mapadri wa Bagamoyo ndo waliokwenda kuzungumza na Abushiri mpaka mateka wakaachiwa kwa fidia. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba ya mwaka uo. Nimeuliza kwa nini hakuigusa misheni, mzee akajibu, "Walikuwa wanafahamiana. Miaka 20 ni jirani."

Siku ya 4, Ijumaa, Mandera

Leo fupi. Gari la Msata asubuhi, lami nzuri kilomita 64, kisha nikadandia gari la kuelekea Segera nikashuka Mandera karibu na mto Wami. Misheni ya hapa ilianzishwa 1881. Mhonda ilitangulia 1877, Morogoro ikafuata 1882, na mwaka 1891 wakafika mpaka Kilema, Kilimanjaro. Ukiziweka kwenye ramani unaona ni kama mtu anapanda ngazi kutoka baharini. Na kila ngazi walikwenda watu wale wale, padre mmoja au wawili na familia kadhaa kutoka kijiji cha Bagamoyo, ili kufika tu kuwe na kijiji cha Kikristo tayari. Ukisoma tarehe ya kuanzishwa utaona jina la padre. Lakini padre mmoja haanzishi kijiji, hana mke wala watoto.

Sista mmoja alinipa maji na chai ya rangi, tukaongea kidogo kuhusu mafuriko ya Wami. Mvua imeanza. Nimerudi Chalinze, nimepata basi la Morogoro, nalala Msamvu.

Siku ya 5, Jumamosi, Mhonda

Basi la Turiani linakata kulia Magole, na kuanzia hapo ni mpunga na miwa, miwa na mpunga, malori ya Mtibwa yamejaa, na milima ya Nguru inaanza kuonekana mbele ya kibuluu alafu ya kijani alafu inakuwa juu yako kabisa na mawingu yameishika kiunoni. Nililia kidogo kwenye basi. Kina mama wa siti ya nyuma walikuwa wanaongea Kinguu, na lafudhi ilikuwa ya bibi, ile ile, mpaka namna ya kuguna.

Bodaboda kutoka Turiani, tope, kijana anaendesha kwa uangalifu sana namshukuru. Kufika nimekwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa ya kesho. Mama wa ofisini akafungua daftari. "Marehemu nani?" Nikamtaja bibi. Akaandika. "Na mwingine?" Nikasema babu yake bibi, na mkewe. "Majina?"

Sina. Nilikaa pale nimeshika hela ya sadaka mkononi. Bibi alisema tu babu yake alikuja kutoka Bagamoyo na mke na jembe, na msafara wa padre, wakiwa vijana, na mlima walikuwa hawajawahi kuuona wote wawili au waliwahi kuuona wakiwa watoto wakivutwa kwenye kamba kwenda kule chini, hakujua. Jina la ubatizo bibi alilitaja mara moja mbele yangu nikiwa na miaka kama kumi na sikulishika. Mama wa ofisini hakunikimbiza. Akageuza daftari akanipa kalamu, "andika mwenyewe mwanangu unavyotaka lisomwe".

Nikaandika: waliotoka Bagamoyo mwaka 1877 kuanzisha Mhonda, ambao majina yao hatunayo.

Siku ya 6, Jumapili, Mhonda

Misa ya pili, kanisa limejaa mpaka nje, kwaya inaimba na marimba na ngoma. Padre alisoma nia kabla ya kuanza, marehemu fulani, marehemu fulani, kuomba mvua, kushukuru mtihani, na akafika kwenye ya kwangu. Akaisoma polepole. Akatulia kidogo, akairudia kuisoma mara ya pili. Niliona migongo ya wazee wa benchi la mbele ikisogea, mmoja akageuka kumtazama mwenzake.

Baada ya Misa nimesimama kwenye mti nasubiri bodaboda nikasikia "nani ameandikisha ile nia?" Ni bibi mmoja mfupi, kitenge cha Bikira Maria, fimbo mkononi. Nikamwendea nikapiga goti, shikamoo bibi. "Marahaba. Ni wewe? Wa nani?" Nikamtaja bibi yangu. Akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku. "Mbona una paji la uso lake. Yule tulikuwa tunachota naye maji." Akamwita mzee mwingine, huyu alikuwa katekista miaka mingi, akaja na kiti chake.

Wakanionesha nyumba za kwanza zilikuwa upande gani, leo ni mahindi na migomba tu, wakasema zilikuwa kwa mistari kama za Bagamoyo, wazee wao waliwasimulia ivyo. Mzee anasema Wanguu waliowakuta hapa walikuwa wanawashangaa, watu wasio na mjomba. Kwao mtu asiye na mjomba hana wa kumposea wala wa kumzika. Basi wakawa wanafanyiana wenyewe, mmoja anachaguliwa awe mjomba wa harusi hii, mwingine wa ile, mpaka watoto wao wakaoana na Wanguu na wajomba wa kweli wakapatikana. "Na mpaka leo," bibi akasema, "mtu wa Misheni akifa tunatoa mjomba."

Mvua ikaanza, tukajibanza ukutani chini ya paa, sote watatu tumebanana. Nikawauliza kama wanakumbuka majina yoyote ya wale wa kwanza, hata mawili. Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole, anafumba macho, mzee anamsahihisha, wanabishana nani alikuwa mume wa nani. Simu ina chaji asilimia 9. Naandika haraka huku nimeikinga na kanga, jina la kwanza, la pili, la tatu huyu alikuwa fundi seremala, la nne alikufa mapema, la tano na la sita ni ndugu walioletwa na jahazi moja. Wa saba mume wamemsahau wote wawili, wamekumbuka la mke.

"Subiri," mzee akasema, "usiizime, kuna mwingine."